Mtama na Maji: Neno kwa Vijana Wetu Wanaokwenda Kusomea Biashara

Somo: Danieli, mlango wa 1, tena mlango wa 6, aya ya 1 hadi ya 4



Msimu wa vyuo kufunguliwa umewadia. Jumapili iliyopita, baada ya Misa, Padri aliwaita mbele vijana wetu waliopata nafasi vyuoni mwaka huu ili awaombee. Tukawahesabu, wakawa tisa. Katika hao tisa, wanne wanakwenda kusomea shahada ya biashara. Mama mmoja aliyeketi karibu nasi, ambaye huuza chapati pale Kimara Mwisho tangu alfajiri, alikuwa akijifuta machozi kwa pindo la kanga. Tukamwuliza kwa sauti ya chini, "Mama, ni machozi ya furaha?" Akajibu, "Ni ya furaha, Mwalimu, na ni ya hofu."

Mhariri wa gazeti letu alipotuomba tuandike neno kwa vijana hao, jibu la yule mama lilikuwa bado masikioni mwetu. Furaha yake kila mtu aliiona. Basi twapenda leo kusema juu ya hofu yake, maana si hofu ya bure.

Tukifungua kitabu cha Danieli twakuta, mwanzoni kabisa, habari ya wanafunzi wapya. Mfalme Nebukadreza wa Babeli ameushinda mji wa Yerusalemu na kuchukua mateka. Katika mateka hao anaagiza wachaguliwe vijana wa jamaa bora, wasio na kasoro, wepesi wa kuelewa, wafundishwe elimu na lugha ya Wakaldayo kwa muda wa miaka mitatu, ndipo wasimamishwe mbele yake. Miaka mitatu, ndugu zangu! Ndio muda ule ule wa shahada ya kwanza ya biashara pale Mlimani.

Vijana wale walipofika walikutana na mambo matatu, nayo ndiyo humkuta kila mwanafunzi mpya hata leo katika ile wiki ya kwanza iitwayo wiki ya mafunzo elekezi. Walipewa lugha mpya; walipewa majina mapya; walipewa posho. Danieli lile la kwanza alilipokea, la pili alilivumilia, la tatu aliomba ruhusa asilipokee. Tuyatazame moja moja.

LUGHA MPYA

Danieli hakusema kwamba elimu ya Babeli ni najisi. Aliketi darasani, akasoma. Mwisho wa ile miaka mitatu mfalme alipowahoji, yeye na wenzake watatu walionekana kuwapita mara kumi wenye hekima wote wa ufalme.

Twasema hivi kwa sababu wako wazee kati yetu wanaodhani kwamba biashara ni elimu ya wajanja, na ya kwamba kijana mcha Mungu angefaa kuwa mwalimu au muuguzi. Hata sisi, tuliokulia katika miaka iliyofuata Azimio la Arusha la 1967, tulizoea kumtazama mfanyabiashara kwa jicho la pembeni. Lakini hata katika miaka ile nchi ilijua kwamba haiendi bila watu wa hesabu. Chuo cha Elimu ya Biashara kilifunguliwa hapa Dar es Salaam Januari 1965. Chuo cha Usimamizi wa Fedha kilianzishwa 1972, mwaka ule ule wa sheria iliyounda Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu. Pale Mlimani, Chuo Kikuu chetu kilichoanza Oktoba 1961 katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kisha kikahamia kilimani 1964, kilipata kitivo cha biashara mwaka 1979. Kitivo hicho kikawa Shule Kuu ya Biashara mwaka 2008. Nchi haikufanya hayo yote kwa ajili ya wajanja.

Tena mjue, enyi vijana, kwamba kitabu cha kwanza kupigwa chapa kilichoeleza kwa ukamilifu namna ya kuandika hesabu za biashara, ile namna ya kuandika kila shilingi mahali pawili, kilitoka Venice mwaka 1494, na mwandishi wake alikuwa mtawa wa shirika la Mtakatifu Fransisko, jina lake Luca Pacioli. Mtawa yule aliwashauri wafanyabiashara waanze vitabu vyao vya hesabu kwa jina la Mungu. Wahenga wetu nao, bila kufika Venice, walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Basi nendeni mkaisome lugha hiyo ya Wakaldayo kwa bidii, uhasibu na uchumi na takwimu na sheria za biashara. Msiisome nusu nusu. Siku hizi simu ya mkononi yaweza kumwandikia mtu insha nzima akiwa amelala. Atakayefaulu kwa insha hiyo atakuwa amepeleka simu yake chuoni, yeye mwenyewe akabaki nyumbani.

MAJINA MAPYA

Danieli aliitwa Belteshaza. Hanania aliitwa Shadraka, Mishaeli akaitwa Meshaki, na Azaria akaitwa Abednego. Majina yao ya kwanza yalimtaja Mungu wa baba zao. Haya mapya yalikuwa na harufu ya miungu ya Babeli. Hatusomi kwamba walipigana kwa ajili ya majina. Waliitika. Lakini twaona kwamba moyoni hawakusahau wao ni nani.

Ninyi nanyi mtapewa jina jipya katika siku mbili tatu za kwanza: namba ya usajili. Mtaiandika katika kila karatasi ya mtihani, na katika matokeo mtajitafuta kwa namba hiyo. Katika ukumbi wenye mamia ya wanafunzi mwalimu hatajua kwamba wewe ndiwe uliyekuwa ukisoma somo la kwanza katika Misa ya asubuhi. Hatakuuliza kama umesali. Hapatakuwa na mama wa kukugongea mlango. Wengi hufurahi sana kwa uhuru huo, nao uhuru si dhambi. Lakini mtu asiyejulikana na yeyote huanza polepole kudhani hadaiwi na yeyote.

Hapa somo lenu wenyewe litawasaidia. Katika majuma ya kwanza ya uhasibu mtafundishwa kanuni moja ambayo haibadiliki: mali yote ya biashara sharti ilingane na madeni yake pamoja na mtaji wa mwenyewe. Maana yake, kila kitu ulicho nacho kimetoka mahali, na mahali pale pameandikwa. Ifanyeni hesabu hiyo juu ya nafsi zenu usiku wa kwanza mkiwa hosteli, iwe ni Mabibo au kwingineko. Andika upande mmoja: nafasi ya chuo, ada, godoro, simu, akili yenye afya. Kisha andika upande wa pili umevipata kwa nani. Utaona pale chapati ngapi za mama. Utaona kiwanja ambacho baba alikuwa akijengea na sasa kimeuzwa. Utaona kodi ya mvuvi wa Mafia na ya mkulima wa korosho wa Newala, ambao hawajakuona wala hawatakuona. Utaona damu ya Kristo, ambayo hailipiki. Upande wa mtaji wako mwenyewe utaandika nini? Kijana mwaminifu atakuta hapo pana nafasi nyeupe kubwa.

Mwalimu Nyerere, aliyekuwa Mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu kile tangu 1970, alizoea kumfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa, apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula. Mtu huyo akila, akashiba, asirudi, amewasaliti. Twaomba mfano huo msiusahau, maana unatupeleka kwenye jambo la tatu, nalo ni chakula.

POSHO YA MFALME

Vijana wa Yuda waliwekewa fungu la kila siku la chakula cha mfalme na divai aliyokunywa yeye mwenyewe. Danieli aliazimu moyoni mwake asijitie unajisi kwa chakula hicho. Akamwendea mkuu wa matowashi kwa adabu. Yule mkuu aliogopa, akasema kwamba vijana wakikonda kichwa chake kitakuwa hatarini. Ndipo Danieli akamwomba msimamizi awajaribu siku kumi tu, wale mtama na kunywa maji, kisha aangalie nyuso zao. Biblia yetu ya Kiswahili yasema mtama, nasi twaupenda mtama huo, maana kila mtu wa Dodoma na Singida anaujua. Siku kumi zikaisha, na nyuso zao zikaonekana nzuri kuliko za wenzao wote.

Kwa nini alishikilia chakula, naye jina amekubali na lugha amekubali? Twadhani ni kwa sababu jina hukaa nje ya mtu, bali chakula huingia ndani. Mtu aliyelishwa na mfalme kila siku kwa miaka mitatu hawezi tena kumwambia mfalme "hapana". Kiswahili chetu kimeliona jambo hili zamani, ndiyo maana neno letu ni moja tu. Twala ugali, na tena twasema fulani amekula fedha za ushirika. Karani hula rushwa. Waovu hula njama. Na mwisho wake wananchi hula hasara. Yote hayo ni kula.

Sasa tuseme wazi juu ya posho yenu. Mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo hupewa fedha za chakula na malazi. Fedha hizo huja kwa mafungu, ninyi wenyewe huziita bumu. Kijana ambaye hajawahi kushika laki mbili anajikuta ameshika laki kadhaa kwa siku moja. Siku hiyo hiyo anazungukwa: huyu anamwonyesha viatu, huyu anamwita kwenye sherehe, huyu anamfundisha kubeti mpira katika simu, akimwambia atatia elfu tano avune laki. Zikiisha kabla ya mwezi, wapo wa kumkopesha kwa riba ile ambayo watu wa mjini wameipa jina la haki kabisa, kausha damu. Na bumu lenyewe si zawadi. Ni mkopo, na siku mtakapoajiriwa mtakatwa asilimia 15 ya mshahara wa kila mwezi hadi uishe. Anayebeti bumu anacheza kamari kwa mshahara wa mtu ambaye bado hajazaliwa, yaani yeye mwenyewe wa miaka mitano ijayo.

Kwa mabinti zetu tuna neno zaidi. Yuko mfalme mwingine anayeweka meza, naye husema, alama zako ziko mikononi mwangu. Hiyo ni rushwa ya ngono. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 yaitaja kuwa kosa, na mkosaji ni yule mwenye mamlaka. Binti yetu, ukiambiwa neno hilo usinyamaze, usijilaumu. TAKUKURU hupigiwa bure kwa namba 113. Vyuo vingi vina dawati la jinsia. Tena nyumbani kwetu unapafahamu, nasi hatutakuuliza ulivaa nini.

SUKARI ILIYOMWAGIKA

Msidhani tunasema hayo kama watu tuliosimama ng'ambo ya mto. Sisi tunaoandika ukurasa huu tulikuwa wakufunzi katika chuo kimoja cha ualimu, mbali na hapa, katika miaka ya taabu. Wenye umri wetu wanaikumbuka miaka ile: sabuni kwa foleni, khanga kwa kibali, sukari kwa mgao. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza msako wa walanguzi na wahujumu uchumi, na watu waliwekwa ndani kwa magunia machache. Chuo chetu kilikuwa na duka dogo la ushirika, nasi, tukiwa na umri wa miaka 26, tulichaguliwa kuwa watunza hesabu zake. Tulichaguliwa kwa sababu tulikuwa wacha Mungu na mwandiko wetu ulikuwa mzuri.

Sukari ilikuja mara moja kwa mwezi. Nyumbani tulikuwa na mtoto mchanga. Mwezi mmoja, kabla ya mgao, tulichukua kilo mbili. Katika daftari tukaandika: kilo 2 zimemwagika. Tulilia usiku ule, ndugu zangu, kweli tulilia. Mwezi uliofuata tulichukua kilo mbili tena, na hatukulia. Mwezi wa nne zikawa kilo nne, maana jamaa walikuwa wamekuja kututembelea. Hakuna aliyetuuliza. Kila Jumapili tulishiriki Ekaristi kama kawaida.

Palikuwa na mwanachuo mmoja mpole, mtoto wa wakulima. Tulimpa daftari lile la duka alinakili, ajifunze namna ya kupanga hesabu. Siku ya tatu alilirudisha. Akasimama mlangoni kwa heshima, mikono nyuma, akasema, "Mwalimu, naomba kuuliza. Sukari hii humwagika kilo kamili tu? Haimwagiki robo?"

Hatujui mpaka leo kama aliuliza kwa ujinga au kwa maarifa. Tulimwambia aende. Usiku hatukulala. Asubuhi tulikwenda kwa Mkuu wa Chuo tukamweleza yote, nasi tukijua kwamba katika mwaka ule angeweza kuita polisi. Hakuita. Alituondoa dukani, akaamuru tukatwe mshahara kwa miezi mitatu, kisha akatuambia jambo moja ambalo lilituchoma kuliko kukatwa. Alisema mke wa mpishi alifika dukani mwezi uliopita akiwa na mgonjwa ndani, akaambiwa sukari imekwisha. Sisi ndio tuliomwambia. Tulimkumbuka, tulikumbuka hata kikapu chake.

Tumefundisha miaka mingi baada ya hapo na Mungu ametusamehe. Lakini twawaambia vijana kitu tulichojifunza: hatukuanza kuiba siku tulipochukua kilo mbili. Tulianza siku tulipoingia kazini bila kuamua mapema ni kitu gani hatutakula. Njaa ilipokuja ilitukuta hatujaamua. Danieli aliamua kabla meza haijaandaliwa.

MFALME ASIPATE HASARA

Soma sasa mlango wa 6. Tangu zile siku kumi za mtama imepita miaka zaidi ya 60. Nebukadreza amekwisha kufa, Babeli imeanguka mwaka 539 kabla ya Kristo, na utawala ni wa Waamedi na Waajemi. Mfalme Dario anaweka maliwali 120 juu ya ufalme, na juu yao wakubwa watatu wa kupokea hesabu zao, mfalme asije akapata hasara. Mmoja wa wale watatu ni Danieli, mzee wa miaka inayokaribia themanini au kuipita. Kwa lugha ya leo, ni mkaguzi mkuu wa hesabu.

Wenzake wakamwonea kijicho. Wakafanya kile ambacho maadui wa mtu wa fedha hufanya: wakafukua vitabu vyake. Walitafuta kosa katika kazi yake yote wasilione, kwa kuwa alikuwa mwaminifu. Walipokosa kosa katika hesabu, ndipo wakamtafutia kosa katika sala. Hebu fikirini jambo hilo! Ni watumishi wangapi wa fedha katika nchi yetu ambao adui zao, wakitaka kuwaangusha, watalazimika kusema, "Hakuna njia, labda tumkamate akisali"?

Tundu la simba tunalijua wote tangu shule ya Jumapili. Lakini Danieli hakuupata moyo ule mbele ya simba. Aliupata mbele ya sahani, akiwa kijana, katika wiki ya kwanza ya masomo, pale ambapo hakuna aliyekuwa akimtazama isipokuwa msimamizi mmoja na Mungu. Samaki hukunjwa angali mbichi.

SIKU KUMI ZENU

Kwa hiyo twawaomba mjijaribu siku kumi, kama yeye. Katika siku kumi za kwanza fanyeni haya.

Hudhurieni mafunzo elekezi yote, hata yale yanayochosha. Mwenye kukaa hosteli akisema, "Hayo ni maneno tu," ndiye baadaye hajui tarehe ya mwisho ya kusajili masomo. Ijueni maktaba, zahanati, na ofisi ya mshauri wa wanafunzi kabla hamjaihitaji. Nunueni daftari dogo, mwandike kila shilingi inayotoka na kuingia, hata nauli. Mhasibu asiyejua nauli yake atajuaje fedha za wengine? Msitie sahihi wala kubonyeza mkopo wowote wa simu. Msibeti hata mara moja ya kujaribu, maana hata zile kilo mbili zilikuwa za kujaribu.

Mwisho, tafuteni Hanania, Mishaeli na Azaria wenu. Danieli hakula mtama peke yake, walikuwa wanne. Ushirika wa wanafunzi Wakristo utawakuta huko huko, nao hukaribisha wapya. Na mtakapoomba jambo lisilo la kawaida, ombeni kwa adabu kama Danieli. Yeye hakupindua meza ya mfalme wala hakuwatukana waliokula. Aliomba ajaribiwe.

NENO KWA SISI TULIOBAKI

Wazazi na ndugu, nasi tuna fungu letu. Miaka michache iliyopita kijana wetu mmoja alipoteza ada na bumu katika kubeti, akashindwa mitihani, akadisko, kama wanavyosema wenyewe. Ametupa ruhusa kuieleza habari yake bila jina. Aliona haya kuwaambia wazazi. Basi kwa muda wa muhula mzima kila asubuhi alivaa, akabeba begi, akapanda mwendokasi hapa Kimara. Badala ya kushuka Ubungo aende Mlimani, aliendelea mpaka Kivukoni, akaketi kutwa akitazama pantoni ikienda Kigamboni na kurudi. Jioni alirudi nyumbani, akala chakula kilichowekwa kando kwa ajili ya mwanafunzi.

Kila Jumapili sisi tulimpa mkono mlangoni pa kanisa tukamwuliza, "Chuo kinaendeleaje?" Akajibu, "Kinaendelea." Tukatosheka. Muhula mzima hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza swali la pili. Yule mwanachuo wetu wa sukari aliuliza swali la pili, akatuokoa. Sisi wazee wa kanisa hatukuliuliza, kijana akakaa Kivukoni peke yake.

Kijana huyo leo anasoma stashahada jioni, na mchana anafanya kazi. Alituambia kwamba siku zile alikuwa akitamani mtu yeyote amkamate.

Basi, wazazi, mpigieni mtoto simu msiulize fedha tu. Mwulizeni jana alisoma nini, na rafiki zake ni akina nani. Na akirudi ameharibu, aukute mlango wazi, kama baba yule wa Luka 15 alivyoufungua. Twamwomba kila mzee wa kanisa amchukue kijana mmoja katika hawa tisa, amwulize swali la pili kila mwezi.

Mama yetu wa chapati, hofu yako tumeisikia. Mwanao ametoka katika nyumba yenye daftari: tumeliona lile la kwako, lenye majina ya wadaiwa na mafuta ya kupikia juu yake. Chuo Kikuu kitamfundisha mengi juu ya daftari hilo. Kuandika kweli ndani yake amekwisha kuona kwako.

Tuombe. Ee Mungu wa Danieli, uliyewalinda watumishi wako katika nyumba ya mfalme mgeni, walinde vijana hawa katika wiki yao ya kwanza na katika miaka yao mitatu. Wape akili ya kujifunza kila kitu na moyo wa kukataa kitu kimoja. Siku hesabu zao zitakapofunguliwa mbele ya watu, na siku ile zitakapofunguliwa mbele zako, wasionekane wamemla maskini. Utusamehe sisi tuliokula. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Wenu katika Bwana,
Mwalimu mstaafu, Kimara